Utumbo Uliokaa Vibaya Tangu Kuzaliwa: Kupasuliwa Wazi au kwa Matundu?

Mtu mzima wa Nairobi ambaye picha ya CT imeonyesha kwamba utumbo wake haukuzunguka ipasavyo alipokuwa tumboni mwa mama huuliza achague upasuaji upi, ingawa kazi yenyewe, aliyoieleza daktari mpasuaji Mmarekani William Ladd mwaka 1936, ni ileile: kukata kanda zinazobana duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), kupanua shina la utando unaoushikilia utumbo na, kwa kawaida, kuondoa kidole tumbo. Kwa matundu, yaani kwa kamera na vifaa vinavyopitishwa kwenye matundu madogo, kovu ni dogo na mchukuzi wa soko la Marikiti hurudi kazini mapema, mradi apatikane daktari aliyeizoea njia hiyo. Kupasuliwa wazi huuma zaidi na huacha mishikamano mingi, yaani nyuzi za kovu zinazogandisha viungo vya ndani. Ajabu ni kwamba mishikamano hiyohiyo, inayoweza kuziba utumbo baadaye, hudhaniwa kuuzuia usijisokote tena. Utumbo ukiwa umeshajisokota, madaktari wengi hupasua wazi, bila kukawia.