Tiketi ya Kwenda na Kurudi Iliyokataa Kurudi

Nianze kwa kumpa wakala huyu wa tiketi za ndege haki yake: katika kutafuta nauli nafuu, kazi yake anaijua. Wakati fulani alimpatia dada yangu tiketi ya Dar es Salaam hadi London, kwenda na kurudi kupitia Addis Ababa, kwa bei ambayo sisi wenyewe tulikesha mtandaoni bila kuiona, na safari yote ilikwenda salama. Ndiyo maana nilipohitaji kwenda Mwanza sikuuliza kwingine.

Mambo yaliharibika siku moja kabla ya kuondoka. Mjomba alikuwa anapeleka gari nyumbani na hakuwa na mtu wa kumpokea usukani, nami nikaona heri niiache ndege, niende naye kwa barabara kupitia Dodoma na Singida, kisha nirudi kwa tiketi yangu. Sikukurupuka. Nilimpigia wakala simu, nikaeleza kwamba ndege ya kwenda sitaipanda, nikauliza kama ya kurudi itabaki salama. Dada aliyepokea alinijibu, "Haina shida kaka, tiketi yako ipo." Kwa kuliamini neno hilo nilifika uwanja wa ndege wa Mwanza alfajiri, nikiwa na boksi la sato waliogandishwa, na kaunta wakaniambia jina langu halimo.

Mhudumu wa kaunta, ambaye simlaumu hata kidogo, alinieleza kwa upole kwamba tiketi ya namna ile hutumika kwa mfuatano, na abiria asipotokea katika safari ya kwanza, zinazofuata hufutwa. Sababu yake naielewa, ingawa siipendi: mashirika mengi, hasa ya safari ndefu, huuza kwenda na kurudi kwa bei inayokaribiana na ya kwenda tu, wakati mwingine hata chini yake, kwa hiyo hujikinga na wanaonunua zote mbili ili watumie moja. Hata hivyo, nikiikataa kachumbari, mwenye mgahawa haninyang'anyi pilau!

Nikampigia wakala tena. Safari hii "kaka" ilikuwa imekwisha. "Masharti uliyakubali mwenyewe wakati wa kulipa," alisema dada yule yule, na nilipomkumbusha mazungumzo yetu, akaniuliza kama nataka anikatie tiketi nyingine. Wakati huo boksi lilikuwa limeanza kuvuja, maji yenye shombo yakitambaa kuelekea viatu vya mama aliyesimama nyuma yangu, nami namwomba mama radhi kwa sauti ya chini huku nikimfokea mwingine kwenye simu. Nililipa shilingi 410,000 kwa kurudi tu, ilhali kwenda na kurudi kulinigharimu 340,000.

Tangu hapo, kwa safari za ndani hununua tiketi mbili tofauti, hata ikibidi kwa mashirika mawili, kwa sababu mara nyingi bei haipishani sana na kuipoteza moja hakuiui nyingine. Za mbali bado nanunua tiketi moja, kwani huko tofauti ya bei huweza kuwa kubwa, na ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya kuunganisha, shirika ndilo linalopaswa kukutafutia nyingine. Hayo yote wakala angeweza kuniambia kwa dakika mbili, na kuyajua ndiyo kazi anayolipwa kuifanya.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwapa nyota tatu kwa ajili ya ile tiketi ya London, na huenda mwenye safari ndefu asiyebadili mipango akawafurahia kama dada yangu alivyowafurahia. Lakini sasa nimekumbuka kwamba hadi leo hakuna aliyenipigia hata kusema pole. Nyota moja inawatosha.