Uzoefu wangu: kukausha na kujenga upya chumba cha chini baada ya mafuriko, Kampala

Huduma ninayoipima hapa ni ya kampuni moja ya Kampala inayochukua kazi yote kwa mkataba mmoja: kunyonya maji, kubomoa plasta iliyooza, kuchimba mtaro, kupaka slari (uji wa simenti) ya kuzuia maji, kisha kumalizia chumba. Jina naliacha, maana mafundi huhama kampuni kila mwaka na shati lenye nembo halichimbi mtaro. Maksi zangu: mtaro na shimo la pampu wamefanya vizuri sana, slari vizuri, umeme nusunusu, na umaliziaji ningeutafutia watu wengine.

Nyumba ni ya mteremkoni, kama nyingi za vilima vya Makindye, Muyenga na Naguru. Kilima kimekatwa, chumba kikasukumwa ndani ya udongo. Kuta tatu zimezikwa na ukuta wa nne unatazama bondeni. Chumba kina mita 4 kwa 6, matofali ya kuchoma, sakafu ya zamani ya zege la sentimita 5 lililomwagwa juu ya mawe bila nailoni yoyote chini yake. Sakafu za namna hiyo ni za kawaida, na ndizo zinazofanya maji yapande hata kama kuta ni nzima.

Niweke mpaka mapema: ninayoyasema yanahusu mteremko. Bwaise, kandokando ya bonde la Lubigi au ufukweni mwa ziwa ni kazi nyingine, kwa sababu huko maji ya ardhini yenyewe yako juu. Mei 2020, Ziwa Victoria lilipofika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, waliokuwa na vyumba vya chini karibu na ufuko hawakuwa na pa kuyapeleka maji. Mtaro unahitaji mahali palipo chini zaidi pa kumwagia. Kama hapapo, pesa ya chumba cha chini afadhali ijenge ghorofa ya juu.

Tathmini yao ilinifurahisha kwa jambo moja: walianza na paa, si na dawa. Hesabu ni rahisi. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 50, hayo ni maji lita 7,500, na gata zikimwaga pembeni mwa ukuta, yote yanashuka kwenye msingi. Wakashauri gata zibadilishwe, maji yashushwe kwa bomba la milimita 110 hadi kwenye tangi, na ziada ya tangi ipelekwe upande wa bondeni. Kampuni inayokwambia utumie pesa mahali ambapo yenyewe haipati faida kubwa, isikilize.

Kunyonya maji walifanya kwa subira, na hapa wengi huchafua. Udongo wa nje ukiwa umeshiba, maji yaliyo ndani ndiyo yanayousaidia ukuta kusimama. Kila mita moja ya kina cha maji nje husukuma sehemu ya chini ya ukuta kwa uzito wa karibu tani moja kwa mita ya mraba. Ukiyatoa ya ndani yote kwa mpigo, ukuta wa matofali unaweza kuingia chumbani. Walitoa kama theluthi, wakaweka alama ya chaki, wakasubiri kuona kama yanapanda tena, ndipo wakaendelea siku iliyofuata. Jenereta ilibaki nje, mbali na mlango. Moshi wa jenereta ndani ya chumba cha chini huua kabla hujasikia harufu yoyote ya hatari, na hili halina mjadala.

Maji ya mafuriko ya Kampala yamepitia vyoo vya shimo, kwa hiyo usafi si wa ufagio tu. Kwanza tope lote litoke na kuta zioshwe kwa sabuni, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini. Ndipo unapaka Jik, dawa yenye klorini: ile ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, hupata mchanganyiko wa asilimia 0.5. Iache dakika kumi, suuza. Isichanganywe kamwe na asidi ya kusafishia vigae. Plasta ilibomolewa hadi sentimita 30 juu ya alama ya maji. Milango ya mbao iliyovimba na kabati za MDF (mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa) zilitupwa; MDF iliyokwisha kulowa haikauki ikarudi kuwa kama zamani.

Sasa mtaro, ambao ndio moyo wa kazi yote. Mafundi wengi watakuuzia unga wa kuzuia maji wa kuchanganya kwenye plasta, kilo moja kwa mfuko wa simenti. Unga huo unasaidia unyevu mdogo. Maji yanayosukuma kutoka nyuma hauyawezi, maana plasta ikipata ufa mwembamba tu, mchezo umekwisha. Lami ya kupaka nayo ni nzuri ikiwa nje ya ukuta, upande maji yanakotoka, kwa sababu yanaibana dhidi ya tofali. Ukiipaka ndani, maji hayohayo huibandua kwa vipande. Lazima shinikizo lipunguzwe kwanza. Rangi na slari zije baadaye.

Walichimba nje ya ukuta wa upande wa juu wa mteremko na kugeuza pembe zote mbili. Vipimo viwili vinavutana hapo: sehemu ya chini ya bomba iwe chini ya usawa wa sakafu ya ndani, lakini mtaro usishuke chini ya kitako cha msingi, vinginevyo unaufukua msingi wenyewe. Ndiyo maana walichimba kwa vipande vya karibu mita mbili, wakimaliza na kufukia kimoja kabla ya kufungua kingine. Ndani ya mtaro kulitandikwa kitambaa cha kuchujia, kokoto za milimita 20, kisha bomba la PVC la milimita 110 lenye matundu, matundu yakitazama chini, likiinama sentimita moja kwa kila mita. Juu yake kokoto tena hadi sentimita 30 kutoka usawa wa ardhi, kitambaa kikakunjwa kufunika, na mwisho udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili maji ya juu yasiingie kirahisi. Bila kitambaa, udongo wetu mwekundu hujaza nafasi za kokoto na mtaro unakuwa ukuta mwingine wa tope. Matundu yakitazama juu, maji hulazimika kujaa hadi yafike kwenye matundu, na huko chini yanabaki yakilowesha msingi.

Nilichowakata maksi hapa ni usalama: mtaro ulizidi kina cha mita moja na nusu bila mbao za kuzuia kingo. Moramu, yaani udongo mwekundu wenye changarawe, huonekana imara ikiwa kavu. Baada ya mvua huporomoka bila kuaga. Andika mbao hizo kwenye mkataba kabla kazi haijaanza.

Kabla ya kufukia kila kipande cha mtaro walifungua bomba la mpira wakakijaza maji kwa saa kadhaa, huku mtu yuko ndani ya chumba na tochi. Matundu matatu yanayovuja yalionekana ukutani. Dawa yake ni simenti ya kuziba haraka, inayoshika kwa dakika tatu hadi tano: unachonga tundu kina cha sentimita 2 hivi, ndani pana kuliko nje, unafinyanga donge mkononi hadi lianze kupata joto, unalisukuma na kulishikilia. Palipotoka maji kwa nguvu waliweka kwanza kibomba cha nusu inchi ili maji yapite humo, wakapaka pembeni, na kibomba kikazibwa mwisho.

Sakafu ya zamani ilivunjwa. Mpya ni zege la sentimita 10 kwa uwiano wa 1:2:4 (simenti, mchanga, kokoto), simenti ya nguvu ya 42.5, wavu wa chuma wa BRC A142, juu ya nailoni ya unene wa geji 1000 iliyopishana sentimita 30 na kubandikwa kwa gundi ya utepe, na chini ya nailoni mchanga wa sentimita 5 ili mawe yasiitoboe. Kwa mita 24 za mraba hilo ni zege mita za ujazo 2.4, karibu mifuko 16 ya kilo 50. Mchanga ulitoka Lwera na ulikuwa safi, lakini usugue kiganjani kila lori linapofika. Ukiacha tope, urudishe.

Slari waliyotumia ni ya sehemu mbili, mfuko wa unga na dumu la maji meupe. Unga unamiminwa kwenye maji hayo meupe, si kinyume, na unakorogwa kwa drili ya mwendo mdogo. Hakuna kuongeza maji ya bomba hata kijiko, na kibarua mwenye ndoo karibu achungwe. Mchanganyiko hudumu karibu nusu saa, mchana wa joto pungufu, kwa hiyo wachanganye kidogokidogo. Tofali liwe limelowa lakini lising'ae maji. Likiwa kavu hunyonya maji ya slari kama mtoto mwenye kiu mchana, na slari inageuka vumbi. Pembe ya ukuta na sakafu ilijazwa kwanza chokaa cha simenti kwa mviringo wa sentimita 5, kwa sababu pembe kali ndipo slari hupasuka. Makoti mawili, la kwanza brashi ikipita kulala na la pili kusimama, jumla milimita 2.

Hesabu ya kununua: slari hula karibu kilo 2 kwa mita ya mraba kwa kila milimita. Kuta za urefu wa mita 1.5 kuzunguka mita 20 ni mita za mraba 30. Ongeza sakafu 24, jumla 54. Mara kilo 4 ni kilo 216, na ukiongeza asilimia kumi ya upotevu unafika seti kumi za kilo 25. Aliyekuambia seti tano zinatosha anapanga kupaka koti moja.

Shimo la pampu limewekwa kwenye kona ya chini, sentimita 60 kwa 60 na kina cha 90, ili floti, boya linalowasha na kuzima pampu, ipande na kushuka bila kugusa ukuta. Pampu ni ya maji machafu, kilowati 0.75. Bomba la kutolea ni inchi moja na nusu hadi mwisho, bila kulipunguza njiani, lenye valvu ya kuzuia maji kurudi, na chini ya valvu kuna kitundu cha milimita 3 cha kutolea hewa. Bila kitundu hicho pampu huweza kunguruma bila kusukuma kitu.

Umeme ndio ulionikera. Soketi walizipandisha hadi mita 1.2 na nyaya zikashuka kutoka darini, vizuri. Lakini pampu waliiunganisha kwenye laini moja na soketi, chini ya kikatio kimoja cha umeme unaovuja, cha miliampea 30. Birika likivujisha umeme, pampu nayo imezimika, na hutajua hadi viatu vielee. Pampu ipewe laini na kikatio chake. Na kwa kuwa umeme hukatika mvua ileile inaponyesha, inahitaji betri: betri ya volti 12 na ampea-saa 200 ina kilowati-saa 2.4, ukitumia nusu yake unapata chini ya saa moja na nusu ya pampu kufanya kazi mfululizo. Inveta, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, iwe ya kVA 3 na wimbi safi, kwa sababu mota ikiwaka huvuta mara kadhaa ya nguvu yake ya kawaida.

Umaliziaji: walipendekeza jipsamu ukutani na rangi ya mafuta. Vyote viwili nilikataa. Rangi ya mafuta hufunga unyevu na kuota malengelenge. Walitaka pia kuweka vigae mapema mno. Kipimo ni cha bei ya karatasi: kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, bandika pande zote sakafuni, kiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limekolea rangi, subiri. Vigae vigundishwe kwa gundi ya kujaza kote, si madonge ya simenti yanayoacha mapango. Plasta juu ya slari inataka kwanza rasharasha ya simenti na mchanga ili ishike.

Dhamana yao inafunika slari, haifuniki matundu. Fundi wa makabati akija na drili na plagi za sentimita 6, anatoboa ngozi yote hiyo kwa dakika mbili, kwa hiyo rafu ziwe za kusimama sakafuni. Asilimia kumi ya malipo izuiliwe hadi mvua za Machi hadi Mei, au za Septemba hadi Novemba, zipite. Kampuni hii ilikubali bila kunung'unika sana, na hilo pia nimelipatia maksi.