Sanduku la plastiki lenye mfuniko kwa Begonia pavonina: linafaa kuliko mtungi wa kioo

Begonia pavonina, mmea wa majani yenye mng'ao wa buluu, asili yake ni misitu ya milimani ya Malaysia, chini kabisa kwenye kivuli. Ndani ya nyumba huuliwa upesi na hewa kavu. Sanduku la kawaida la kuhifadhia vitu, lenye kuonyesha ndani, la lita 10 hadi 20, linaimaliza shida hiyo vizuri kuliko mtungi wa mapambo wenye mdomo mwembamba. Mtungini jani likioza huwezi kulitoa bila kuvunja mengine.

Kabla ya kulipa, geuza sanduku usome alama ya chini inayotaja aina ya plastiki. Lenye 5 (PP) lina weupe kidogo lakini klipu zake hupinda bila kukatika. Lenye 6 (PS) linang'aa kama kioo, ila hupasuka ukilitoboa. Chukua la 5: mmea huu hauhitaji mwanga mwingi, na ukitaka kuiona rangi utafunua. Kisha jaribu mfuniko. Weka kitambaa kibichi ndani, funga usiku kucha. Asubuhi kuta zote ziwe na mvuke. Upande uliobaki mkavu ndiko hewa inakovuja. Kimo kisipungue sentimita 20.

Tandaza sentimita 2 za perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi vya bustani), mimina maji yafike nusu ya kina hicho, halafu weka juu chungu cha sentimita 8. Ndani ya chungu changanya sehemu 2 za sfagnamu ndefu (mmea mdogo wa kinamasi uliokaushwa, hushika maji kama sifongo) na 1 ya perlaiti. Sfagnamu iloweke, kisha ikamue mpaka isidondoshe hata tone. Hapa ndipo wengi huharibu: ikibaki imejaa maji na mfuniko umefungwa, mizizi hukosa hewa, shina hulainika pale linapotokea chunguni, na majani huanguka yakiwa bado kijani. Ukiwahi, kata jani zima pamoja na kikonyo chake, ulichomeke kwenye sfagnamu mpya, huota mizizi.

Sasa rangi. Buluu ya majani haya hutokana na iridoplasti, aina ya kloroplasti (chembe ndani ya jani inayonasa nuru) ambayo tabaka zake zimepangwa kwa nafasi sawasawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mpangilio huo huakisi nuru ya buluu na kulisaidia jani kunasa nuru hafifu ya kijani inayopenya chini ya miti. Taa kali huifuta buluu na kukuachia jani la kijani tu. Taa ya LED ya wati 10, sentimita 40 juu ya mfuniko, saa 10 hadi 12 kwa siku, inatosha. Jua lisiliguse sanduku kabisa, maana likifungwa huchemka haraka. Joto zuri ni nyuzi 18 hadi 24 za Selsiasi.

Kasoro kubwa ya sanduku ni hewa iliyosimama. Matone hudondoka kutoka kwenye mfuniko mahali palepale, na ukungu wa kijivu huanzia hapo jani lilipolowa. Inua upande mmoja wa sanduku kwa kipande cha ubao cha sentimita 1, matone yatateremka hadi ukutani. Fungua dakika 10 kila siku, na jani lililokufa litoe siku hiyohiyo.

Kwa Begonia rex, begonia nyingine ya nyumbani, usinunue sanduku hili. Hiyo huzoea hewa ya chumba, na humu ndani inaweza kuoza.