Steshenari ya chini ya mlima wa Bugando: nyota nne, ya tano nimeizuia

Jina la duka silitaji, maana nina lalamiko na mwenyewe namheshimu. Wanafunzi wa uuguzi wa Mwanza wataijua: unashuka mlima kwa miguu, unakuta foleni ya sare nyeupe na mama mmoja wa makamo nyuma ya kaunta, sponji lake la kulowesha vidole limekaa ndani ya kifuniko cha ndoo.

Mimi mteja wao tangu 2006. Nilikuwa nesi wa cheti kutoka hospitali ya wilaya, nimekuja kutoa fotokopi ya leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga na barua ya mwajiri ya ruhusa ya masomo. Aliniita "sista". Stashahada ikapita, shahada ikapita, nikafundisha chuo cha kati enzi za NACTE, baraza la taifa la elimu ya ufundi (kabla haijawa NACTVET mwaka 2021), nikachukua uzamili, kisha uzamivu. Leo kwenye mlango wa ofisi yangu pameandikwa Mkurugenzi wa Uthibiti Ubora. Mama bado ananiita sista, tena mbele ya wanafunzi wangu.

Siku anajalidi tasnifu yangu ya uzamivu aliniuliza, "Sasa sista, wodini ndiyo hurudi tena?" Nikamwambia nesi naye anaweza kuongoza chuo, hata wizara, nikamtajia Sheila Tlou, profesa wa uuguzi wa Chuo Kikuu cha Botswana aliyeteuliwa kuwa waziri wa afya wa nchi yake 2004. Akafikiri kidogo. "Na yeye jalada lake lilikuwa la bluu au jeusi?"

Kazi yao sasa. Mara ya mwisho fotokopi ilikuwa shilingi 100 kwa ukurasa, kuprinti 200, jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu 20,000. Si rahisi kuliko kwingine. Ninachokifuata mimi ni makabidhiano. Mama hakupi kazi hivihivi. Anaigeuza ikuelekee, analowesha kidole, anahesabu kurasa kwa sauti, halafu anasema, "Hesabu na wewe." Aliyewahi kusimama chumba cha upasuaji anaijua hesabu hiyo: gozi (vitambaa vya kufyonzea damu) kumi zimeingia, kumi zitoke, la sivyo tumbo halifungwi, hata daktari akinuna vipi.

Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni nyuma ya kijana wa mwaka wa tatu. Alikuwa na logibuku yake, daftari la kurekodi mafunzo ya vitendo wodini, na karatasi yenye sahihi ya sista wa wodi ya wazazi. Akanong'ona: sahihi iskaniwe, ibandikwe kwenye nafasi kumi na mbili za kuzalisha. Mama hakupandisha sauti. "Mwanangu, sahihi ya mtu mimi siihamishi. Panda mlima ukamtafute mwenyewe." Kijana akageuka, akaniona, akasahau hata kuchukua flashi yake.

Sikumuuliza jina. Jumatatu iliyofuata niliagiza logibuku zote za mwaka wa tatu, tukakaa na rejista ya chumba cha kujifungulia, mstari kwa mstari. Wapo waliokuwa "wamezalisha" siku ambazo hata kwenye zamu hawakupangwa! Na sisi chuoni kitengo cha ubora tunacho, kama TCU, tume ya vyuo vikuu, inavyotaka. Tuna fomu za kutathmini wahadhiri, tuna mtahini wa nje, tuna ripoti ya kujitathmini yenye viambatisho. Fomu zetu zilikuwa zinauliza kama logibuku imejaa. Hakuna iliyouliza mtoto alipokelewa na nani. Sasa kila tukio la kuzalisha linaandikwa na namba ya rejista, na sista anasaini zamu ileile, si mwisho wa muhula akiwa na rundo mbele yake na hofu ya kuikosa daladala akilini. Wanafunzi wamenichukia kwa hilo. Masista nao si wote walionifurahia, kwa sababu saini za papo kwa papo ni kazi juu ya kazi, na hapo sina la kuwajibu.

Nyota ya tano je? Tulipompelekea ripoti yetu ya kujitathmini aijalidi, nakala nane, mama alikuwa msibani na mashine ilishikwa na kijana wake. Sponji halikuguswa. Niliweka boksi kwenye gari nikaondoka. Kwenye kikao na wakaguzi kutoka nje, wakati nasoma kifungu cha usimamizi wa mafunzo kwa vitendo, mjumbe mmoja akaigeuza ripoti yake kichwa chini miguu juu, taratibu, akaendelea kusoma. Kurasa nne zilijalidiwa zimepinduka. Mkurugenzi wa Ubora nimesimama pale na pointa mkononi.

Mama alirudisha hela ya nakala mbili zilizoharibika bila kubishana. Nusu ya kosa ilikuwa yangu, sikuhesabu, lakini nusu nyingine ni yake: hesabu isikae kwenye kidole cha mtu mmoja. Kijana naye afundishwe.

Ukienda, nenda kabla ya saa tatu asubuhi, na kazi yako iwe PDF, maana kompyuta yao huvuruga majedwali. Wiki ya kukusanya tasnifu usijaribu kabisa. Malipo ya simu wanapokea, ila makato ni juu yako.