Programu ya kuchambua mauzo: ipi ununue Lubumbashi ukitaka kutunga fomula zako

Mwenye depo, yaani duka la jumla, Lubumbashi ananunua unga kwa dola, anauuza kwa falanga, na kiwango cha kubadilisha dola hakitulii. Ndiyo maana programu ya kuchambua mauzo naipima kwa fomula kabla ya kutazama grafu zake. Swali langu ni moja: je, inatenganisha hesabu ya kila mstari na hesabu ya jumla?

Tuseme unga umeingiza dola 900, faida 45, yaani asilimia 5. Sabuni imeingiza 100, faida 30, asilimia 30. Programu ikichukua wastani wa asilimia hizo mbili itakuambia 17.5. Ukweli ni 75 kugawanya kwa 1,000, yaani asilimia 7.5. Anayeamini 17.5 atashusha bei na kula mtaji wake. Falanga nazo zinataka kinyume chake: kila mstari ugeuzwe kuwa dola kwa kiwango cha siku ile, ndipo ujumlishe.

Ya kwanza kwangu ni Power BI Desktop. Ni ya bure kwenye Windows, na faili likiwa ndani ya kompyuta yako unafanya kazi hata bila intaneti. Kugeuza falanga unatunga safu mpya. Asilimia ya faida unatunga kipimo, yaani fomula inayojumlisha kwanza ndipo igawanye:

DIVIDE(SUM(Mauzo[Faida]), SUM(Mauzo[Mapato]))

Kipimo hicho ukikitunga mara moja, kinajikokotoa upya kwa kila duka na kila mwezi, na mauzo yakiwa sifuri kinaacha nafasi wazi badala ya kutoa kosa. Majina ya fomula ni ya Kiingereza hata kompyuta ikiwa ya Kifaransa, na lugha yake inataka uvumilivu. Utalipa leseni ya kila mtu ukitaka kushirikiana ripoti mtandaoni na wenzako.

Ya pili ni Excel, kwa sababu huenda unayo tayari. Kompyuta zetu nyingi ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo andika SOMME na SI, na utenganishe kwa nukta-mkato. Fomula iliyonakiliwa kutoka somo la Kiingereza itakataliwa. Kuwa makini na jedwali egemeo (pivot table), lile linalofupisha data kwa makundi: fomula inayotungwa ndani yake hujumlisha kwanza, kisha hukokotoa. Kwa asilimia ya faida ni sawa kabisa, kwa falanga ni hasara. Kiwango kiweke kwenye safu ya data yenyewe.

Metabase ni ya tatu. Toleo lake huria ni la bure na fomula zake ni nyepesi, lakini inadai hifadhidata na fundi wa kuitunza.

ThoughtSpot nimeiweka mwisho kwa wenye depo tu. Unaandika swali kwenye kisanduku cha kutafutia, na fomula uliyotunga inakuwa neno jingine la kutafuta, jambo zuri sana. Ila inategemea intaneti imara na ghala la data, yaani hifadhidata kubwa ya mtandaoni kama Snowflake au BigQuery. Kampuni kubwa yenye ghala hilo tayari ningeishauri ianze nayo.

Kabla ya kulipa, piga kwa mkono hesabu ya mauzo ya wiki moja ya sarafu zote mbili, kisha muuzaji wa programu atunge fomula mbele yako. Mwambie abadilishe kiwango cha Jumanne peke yake. Hesabu ya siku nyingine ikisogea, usitoe pesa.