Ruzuku ya malezi Marekani: ilipwe kwa mahudhurio au kwa uandikishaji?

Ruzuku hii ni fedha za serikali zinazolipwa kwa vituo vya kulea watoto wa familia zenye kipato kidogo. Malipo ya mahudhurio humbana mdanganyifu: mtoto hakuja, hakuna fedha. Lakini daftari la mahudhurio nalo hughushiwa, saini za wiki nzima zikajazwa kwa mkupuo. Katika jimbo la Minnesota, wenye vituo wamewahi kufikishwa mahakamani kwa kudai watoto wasiokuwapo. Bila wakaguzi wa kushtukiza, ambao ni ghali, mfumo huu haushiki.

Kwa uandikishaji, yaani kulipia kila mtoto aliyeandikishwa hata asipokuja, uliotakiwa na kanuni za serikali kuu za 2024, kituo kidogo kinapumua. Mtoto akiugua wiki nzima, mshahara wa mlezi na kodi ya pango havisubiri! Ila watoto hewa huchelewa kugundulika.

Jimbo lenye wakaguzi wa kutosha, mahudhurio yanalifaa. Vituo vinapofungwa kwa ukata, bora uandikishaji, huku mahudhurio yakiandikwa kila siku ili mkaguzi apate pa kuanzia.