Sanamu ya Askari, Posta: nenda Jumapili asubuhi

Miaka sita napita Barabara ya Samora, Dar es Salaam, kila siku kwenda kazini, na sikuwahi kusimama pale. Jumapili iliyopita nikampeleka mwanangu wa darasa la nne, saa moja asubuhi, magari hayajaanza fujo. Kiingilio hakuna.

Askari wa shaba ameshika bunduki, singe inaelekea bandarini. Waingereza waliiweka 1927, kuwakumbuka Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kabla yake palikuwa na sanamu ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wa koloni hili. Wakaing'oa walipouteka mji 1916. Mwanangu akauliza, "Baba, huyu alikuwa anampigania nani?" Nikababaika, maana Waafrika walikuwa pande zote mbili.

Usiishie kupiga picha na bunduki. Inama usome maandishi ya kwenye kitako: wapagazi nao wametajwa, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwanangu alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, akanyamaza.

Kasoro? Kivuli hamna, na siku ya kazi kuvuka ile barabara ni kamari. Saa tatu jua likatufukuza, tukaenda kunywa chai. Nyota nne.